Pointi zilizokosekana: magari manne ya kukodi ya mfanyabiashara wa parachichi wa Tukuyu

Mteja wa kisa hiki ni mama wa Tukuyu anayekusanya parachichi aina ya Hass kwa wakulima wa Rungwe na Njombe na kuyauza nje. Safari zake za Afrika Kusini ni za kazi tupu. Anaruka kutoka uwanja wa Songwe hadi Dar es Salaam, anaunganisha hadi Johannesburg, anachukua gari la kukodi palepale uwanja wa OR Tambo, anafuata barabara kuu ya N1 hadi Polokwane, kisha anakata kulia kuishika barabara ya R71 na kuteremka milima ya Magoebaskloof mpaka Tzaneen. Huko kuna vitalu vya miche na maghala ya kufungashia matunda anayokwenda kujifunza. Chai na parachichi vimekaa mlima mmoja kama kwao Rungwe, kwa hiyo hajioni mgeni sana. Gari anaendesha mwenyewe, maana na kule wanapita kushoto.

Kampuni anayokodi ni mojawapo ya zile kubwa za kimataifa. Ina mpango wa pointi: unajiunga bure, unapewa namba, kila ukikodi unalimbikiza, zikifika kiasi fulani unapewa siku ya bure. Alikuja ofisini kwetu Mwanjelwa, Mbeya, ambako huwa tunamkatia tiketi za ndege, akilalamika kwamba amekodi mara nne na akaunti inasoma sifuri.

"Mwanangu, hawa watu wameniibia," alisema kabla hata ya kukaa.

Alikuwa ameshawaandikia. Barua pepe moja ndefu, safari zote nne ndani yake, jumla ya pesa zote alizolipa, na onyo kwamba atahamia kwa wapinzani wao. Jibu lilikuwa fupi: wameangalia akaunti yake, hakuna ukodishaji wowote unaostahili pointi, wanamshukuru kwa kuwa mwanachama.

Kinachoudhi kwenye jibu la namna hiyo ni kwamba si la uongo. Kwenye akaunti waliyoifungua, sifuri ilikuwa sifuri ya haki. Ila haikuwa na sababu moja. Kila gari kati ya yale manne lilikuwa limekosa pointi kwa njia yake, na anayedai vyote kwa mkupuo humpa karani nafasi ya kushika kasoro ya kwanza anayokutana nayo na kulifunga shauri zima kwa hiyo hiyo. Karani huyo hana ubaya na mtu. Ana foleni.

Basi tukayatenganisha magari, moja moja.

Mama alikuwa na silaha ambayo wateja wengi hawana: karatasi. Anayesafirisha mazao nje huzoea kutunza kila kitu, kwa sababu shehena bila cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, haivuki. Mkobani mwake mlikuwa na faili la plastiki, na nyuma ya nakala za vyeti hivyo kulikuwa na mikataba yote ya magari. Mmoja ulichapwa kwenye karatasi laini ya risiti na maandishi yalishaanza kufifia, kwa hiyo kabla ya lolote niliupiga picha.

Pamoja na karatasi zote hizo, namba alizokuwa ametuma kwa kampuni zilikuwa za kuweka nafasi, zile zinazokuja kwenye barua pepe siku unapoagiza gari. Pointi hazitembei na namba hiyo. Nafasi inaweza kufutwa, kubadilishwa tarehe au aina ya gari, hata kuishia hewani bila mtu kutokea. Pointi hutembea na namba ya mkataba, inayozaliwa pale kaunta ufunguo unapokabidhiwa, na ndiyo iliyopo juu ya mkataba na juu ya ankara ya mwisho. Ukidai kwa namba ya kuweka nafasi, uwezekano ni mkubwa kwamba upande wa pili hawataona kitu. Hilo peke yake linaua madai mengi ambayo yana haki kabisa.

Gari la kwanza kuondoka mezani lilikuwa la Dar es Salaam. Alikodi Prado na dereva ili kuwapandisha wanunuzi wake hadi Njombe wakaone mashamba. Nembo ileile ya Johannesburg, rangi zilezile, hata fulana za wahudumu. Lakini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilisema mambo mengine. Juu yake palikuwa na jina la mfanyabiashara, TIN (namba ya mlipakodi) na VRN (namba ya usajili wa VAT), na jina lile lilikuwa la kampuni ya Kitanzania kabisa, lisilofanana hata herufi na nembo iliyo ukutani. Maana yake ni kwamba hapa nchini jina kubwa linatumika kwa leseni: mwenye magari, mwenye madereva na mwenye kodi ni mtu mwingine. Masharti ya mpango wa pointi yaliorodhesha nchi zinazoshiriki, na Tanzania haikuwemo. Hapo hakuna cha kudai.

"Sasa mbona namba yangu ya uanachama waliichukua?" aliuliza.

Waliichukua kwa sababu fomu ina kisanduku cha namba hiyo, na mhudumu anajaza visanduku. Siwaungi mkono. Neno moja la "hapa hatutoi pointi" halimgharimu mtu kitu. Lakini kisanduku kujazwa si ahadi. Ukitaka kujua unayemlipa ni nani hasa, usome risiti hiyo ya mamlaka ya mapato, TRA, badala ya kibao cha mlangoni.

Gari la pili lilitoka kwa dalali wa mtandaoni, zile tovuti zinazolinganisha bei za kampuni nyingi na kukuuzia kwa bei ya chini ukilipa kabla. Alilipa kwa kadi akiwa Tukuyu, akapewa vocha, akaenda nayo OR Tambo, akatoa namba yake, karani akaiandika. Kwenye mkataba namba inaonekana vizuri kabisa. Mama alikuwa na uhakika kwamba hili ndilo dai lake zito kuliko yote.

Ndilo lilikuwa jepesi kuliko yote. Dalali hununua siku za magari kwa bei ya jumla na kuziuza kwa rejareja. Pesa ya mama ilikwenda kwa dalali. Kampuni ya magari ilipokea kutoka kwa dalali kiasi pungufu ambacho mama hakijui wala haruhusiwi kukijua. Pointi hutolewa juu ya pesa ambayo kampuni imepokea kwa mteja mwenyewe kwa bei inayostahili, na karibu kila mpango wa aina hii hutaja wazi kwamba bei za madalali, za mawakala wa utalii na za mikataba ya jumla hazimo. Mfanyabiashara wa parachichi analielewa hili haraka kuliko nilivyotarajia kulieleza. "Ni kama mkulima wangu wa Kandete adai bonasi kwa mnunuzi wa Ulaya," alisema. "Mimi ndiye niliyemlipa." Tukalifuta.

La tatu lilikuwa halijapotea hata kidogo. Alikuwa ameingia kwenye akaunti yake, akaagiza moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, akalipa kaunta. Kila kitu sawa, na pointi hakuna. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya akaunti, chini kabisa mahali ambapo mtu hashuki, kulikuwa na swali la unataka kulimbikiza nini, na jibu lililochaguliwa lilikuwa maili za shirika la ndege. Namba ya uanachama wa shirika hilo ilikuwa pale, ya kwake kabisa. Tulipofungua akaunti ya ndege tukazikuta maili zimetulia kwenye orodha, zimeandikwa kama mapato ya mshirika. Kampuni hizi hukupa kimoja, ama pointi zao ama maili, na zikishakwenda upande mmoja hazirudi. Hakuna aliyemdhulumu. Aliyechagua hivyo alikuwa mtu wa manunuzi kwenye mradi aliowahi kufanyia kazi Iringa, ambaye mwaka 2018 alimfungulia akaunti hiyo ili maili zisaidie safari za mradi.

Huyo mtu wa manunuzi ndiye ufunguo wa gari la nne, na hapa ndipo kazi ilipokuwa.

Gari la nne alichukua OR Tambo kwa safari ya Tzaneen. Aliagiza moja kwa moja kwa kampuni, bila dalali, lakini bila kuingia kwenye akaunti, akijua atataja namba kaunta. Amefika usiku, foleni ndefu, namba hakuikumbuka. Karani akamwambia asihangaike, atamtafuta kwa jina. Akachukua pasipoti, akaandika jina la ukoo, refu, linaloanza na Mwa- kama majina mengi ya Kinyakyusa, na kompyuta ikamwambia hakuna mwanachama kama huyo.

Mwanachama alikuwepo. Ila mtu wa manunuzi wa Iringa alimsajili kwa jina lake na la baba, kama tunavyojitaja kila siku, na la ukoo akaliacha. Pasipoti inatenga jina la ukoo peke yake na majina mengine yote mahali pamoja, na mashine za nje zinasoma hivyo. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na majina mawili kazini, matatu kwenye kitambulisho cha NIDA, na kwenye simu ameandikwa Mama Fulani, na wote tukajua ni nani. Kompyuta ya kaunta inajua kitu kimoja: herufi zilizo kwenye kisanduku cha ukoo zinafanana au hazifanani.

Karani, kwa nia njema ninavyoamini, akafungua akaunti mpya palepale kwa barua pepe iliyokuwa kwenye agizo. Mama anakumbuka kuulizwa jambo fulani na kuitikia. Hakujua ameitikia nini.

Tuliligundua kwa kutafuta jina la kampuni kwenye barua pepe zake zote, pamoja na zile zilizoangukia kwenye takataka. Kati ya matangazo kulikuwa na ujumbe wa kumkaribisha kama mwanachama mpya, wenye namba ngeni, na umeandikwa tarehe ileile ya mkataba wa Johannesburg. Ulimsalimia kwa jina la ukoo kana kwamba ndilo alilobatizwa. Tukaomba nenosiri jipya kwa namba ile ngeni, likaja kwenye barua pepe yake, tukaingia. Pointi za gari la nne zilikuwa humo zote, hazijaguswa.

Kwa hiyo swali halikuwa tena "pointi zangu ziko wapi". Lilikuwa ombi la kuunganisha akaunti mbili za mtu mmoja, na hilo kampuni ina utaratibu nalo. Ugumu ulikuwa kwamba akaunti ya zamani, ingawa nenosiri lake analijua, ilisajiliwa kwa barua pepe ya mradi ule wa Iringa uliokwisha. Kila badiliko la maana lilitaka uthibitisho uliotumwa kwenye anwani ambayo haina mtu. Kujaribu kuiokoa kungekula muda, na mpango huu ulikuwa na kikomo cha miezi sita toka siku ya kurudisha gari kwa dai lolote. Bado kidogo kifike. Tukaamua mpya ndiyo ibaki, ya zamani ife.

Namba yao ya simu ya bure haikupatikana. Namba za bure za Afrika Kusini ni za kupigwa ukiwa humohumo nchini, na ukizipiga kutoka Mbeya unasikia mlio tu. Namba ya kawaida ya ofisi ipo, na wao wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo wakifungua saa mbili asubuhi kwetu ni saa tatu. Lakini kwa jambo la majina mawili na akaunti mbili sishauri simu. Herufi zinasikika vibaya, na hutabaki na ushahidi wa ulichosema. Tulitumia fomu iliyo ndani ya akaunti yenyewe, na maneno yalikuwa machache. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi:

"Nina akaunti mbili kwa makosa. Ya pili ilifunguliwa kaunta ya OR Tambo siku ya mkataba namba hii. Naomba ya zamani ifungwe na ya pili ibaki, majina yarekebishwe yafanane na pasipoti niliyoambatanisha, na chaguo la kulimbikiza liwe pointi. Sidai chochote kuhusu mikataba mingine."

Sentensi ya mwisho mama aliipinga. Kwa nini aseme hadai, wakati moyo unadai? Nikamwomba aiache. Barua yake ya kwanza bado ilikuwa kwenye kumbukumbu zao, na karani atakayeifungua hii ataiona ile, pamoja na la dalali na la Dar. Ukimwondolea mzigo huo mapema, anabaki na kazi moja ya kufanya, na watu hupenda kumaliza kazi moja.

Hapo katikati palitokea jambo ambalo lingeweza kugharimu kuliko pointi zote. Siku alipokuwa na hasira, kabla ya kuja kwetu, mama alikuwa ameandika malalamiko hadharani kwenye ukurasa wa kampuni wa mtandao wa kijamii. Muda mfupi baadaye alifuatwa faragha na akaunti yenye nembo ya kampuni, lugha ya heshima, ikiomba picha ya pasipoti na picha ya kadi ya benki mbele na nyuma "ili kurejesha pointi". Alikuwa ameshatuma pasipoti. Kadi aliichelewesha kwa sababu alikuwa shambani Isongole na mtandao ulikuwa unasumbua. Hakuna mpango wa pointi unaohitaji tarakimu za nyuma ya kadi yako. Matapeli huvizia kurasa za malalamiko kwa sababu mwenye hasira yuko tayari kumjibu yeyote anayemsikiliza. Tulimpeleka benki siku hiyo hiyo kuwaeleza, wakambadilishia kadi, na mazungumzo yale tukayatunza kwa picha kabla ya kumzuia yule mtu. Pasipoti yenyewe tuliituma kwa kampuni kupitia fomu ya akaunti tu.

Jibu la kweli lilikuja likiwa na jina la karani na namba ya shauri. Akaunti zimeunganishwa, majina yamerekebishwa, chaguo limebadilishwa. Pointi za gari la nne zikasomeka.

Zikasomeka chache. Mama akatoa kikokotoo.

Yeye alikuwa amehesabu kwa jumla ya pesa iliyotoka kwenye kadi. Mpango hauhesabu hivyo. Tuchukue namba za mviringo: tuseme alikatwa randi 6,900. Ndani yake kuna VAT ya asilimia 15, yaani randi 900. Katika 6,000 zinazobaki, randi 1,200 ni za kujikinga na gharama za gari kuumia, na 900 ni ada ya uwanja wa ndege na makorokoro mengine. Kodi halisi ya gari, siku na kilomita, ni randi 3,900, na pointi zinakaa juu ya hiyo tu. Mafuta hayamo. Faini haimo. Ushuru wa barabara wa N1 haumo. Kwa hiyo mtu anayetegemea pointi za 6,900 na kupata za 3,900 hajapunjwa, ingawa nakiri kwamba tangazo la kampuni halijitahidi kumwambia hivyo kwa herufi kubwa.

Alinyamaza, akapiga hesabu nyingine, akacheka. "Ndaga fijo," alisema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. "Kumbe nilikuwa napigania mfuko wa mbolea."

Safari iliyofuata ya Tzaneen tuliweka mezani bei mbili za gari lilelile, siku tano. Moja ya kampuni yenyewe, yenye pointi. Nyingine ya dalali, isiyo na pointi, na pungufu kwa randi mia kadhaa. Nilimwambia pia kwamba kwa dalali ofisi yetu hupata kamisheni kidogo, ajue ninaposimama. Tukakadiria pointi za siku tano zingekuwa na thamani gani akizigeuza kuwa siku ya bure, ambayo kodi ya serikali na kinga bado angelipia. Hazikufika nusu ya ile tofauti.

Akachukua ya dalali. Alipofika kaunta OR Tambo waliuliza namba ya uanachama, akawaambia hana haja nayo leo, akaomba mkataba wake wa karatasi.